Dalali, anwani na picha ya jiko: kwa nini watu wanaangalia nyumba halafu hawapangi?

Leo siasa tuiache kidogo. Leo nataka kuzungumzia nyumba za kupanga, na historia yake ambayo nimekutana nayo kwa bahati tu, kwa sababu ya simu moja ya usiku.

Mwezi uliopita kaka mmoja niliyekulia naye mtaa mmoja alinipigia saa nne usiku. Bongo ukipigiwa simu saa hizo, jambo la kwanza unalofikiria ni msiba. Haukuwa msiba, ila sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Jamaa ana apatimenti 8 Kinondoni, kajenga kwenye kiwanja cha marehemu baba yake kwa mkopo wa benki. Nne zina watu, nne tupu. Na benki haiulizi zipi zina watu na zipi tupu. Marejesho yanatakiwa kila mwisho wa mwezi, basi.

Alimlipa kijana amtengenezee tovuti. Ikatengenezwa, ina rangi nzuri, na ina kidude cha kuhesabu wageni. "Mdogo wangu," akaniambia, "watu wanaingia. Wiki hii wameingia mia mbili na kitu. Wanaangalia, wanaondoka. Hata mmoja hajaja kuona nyumba. Wewe si mwandishi? Niandikie maneno matamu."

Nikaingia kwenye hiyo tovuti. Kuna picha ya geti. Kuna picha ya kitanda ambacho nina uhakika hakijawahi kufika Kinondoni, maana dirishani kuna theluji! Maneno: "makazi ya kisasa, mazingira tulivu". Mahali: "Kinondoni". Bei: "piga simu". Basi.

Maneno matamu yalikuwepo tayari, tena mengi. Nikamwambia, kaka, nipe siku chache. Nikaanza kusoma watu wengine wamefanyaje, na kadiri nilivyorudi nyuma ndivyo nilivyoona kwamba tatizo lake ni la zamani kuliko mtandao, kuliko umeme, kuliko hata Dar es Salaam yenyewe.

DAKTARI WA PARIS

Nilifika hadi Paris, miaka ya 1630. Kulikuwa na daktari anaitwa Théophraste Renaudot, mzaliwa wa Loudun, aliyekuwa anakingiwa kifua na Kardinali Richelieu. Sisi waandishi wa habari tunapaswa kumjua, kwa sababu mwaka 1631 ndiye aliyeanzisha La Gazette, gazeti la kwanza la Ufaransa lililodumu. Lakini kabla ya gazeti alikuwa na ofisi iliyoitwa Bureau d'adresse, yaani ofisi ya anwani. Mwenye kazi ya kutoa, mwenye kitu cha kuuza, mwenye nyumba ya kupangisha, wote walikwenda kuandikishwa kwenye daftari. Anayetafuta alikwenda kuuliza. Ada ilikuwa sou 3, pesa ndogo, na maskini hawakulipishwa.

Mwaka 1633 ofisi hiyo ikaanza kuchapisha karatasi za matangazo. Humo kulikuwa na nyumba za kuuza na za kupanga, zikiwa na maelezo mafupi na bei. Lakini sikilizeni jambo hili: tangazo halikumalizika kwa anwani. Lilimalizika kwa namba ya ukurasa kwenye daftari la ofisi. Ukitaka kujua nyumba iko wapi, nenda ofisini ukaulize.

Jamani, si ndiyo mambo ya dalali wetu haya? Anakutumia picha, anakutajia "chumba na sebule, choo ndani, Sinza". Sinza gani? "Wewe njoo, tutakutana kituoni." Hasemi mahali kwa sababu anwani ndiyo mtaji wake. Akikupa anwani utakwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, na yeye atabaki na vumbi la barabara. Simlaumu. Lakini ndugu msomaji, ishike hiyo picha ya daftari la Renaudot, maana kwa maoni yangu historia yote iliyofuata ni mvutano kati ya anayeshika daftari na anayetafuta pa kulala.

KWETU HAPA

Kabla hatujaenda mbali, tujitazame. Nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba huku na huku, uani choo na jiko, ilikuwa inapangishwa chumba kimoja kimoja Kariakoo, Ilala na kwingineko bila tangazo lolote. Ulipata chumba kwa shangazi, kwa mtu wa kijijini kwenu, kwa uliyeswali naye. Mwenye nyumba alijua wewe ni mtoto wa nani, na wewe ulijua yeye ni mtu wa namna gani. Habari ilikuja pamoja na mdhamini.

Baada ya uhuru serikali iliingia. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo: jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe haishi humo likachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Kwa miaka hiyo, ukitaka fleti ya mjini ulijaza fomu, ukangoja foleni, ukatafuta anayemjua anayemjua. Nyumba inapogawiwa, tangazo halina kazi. Hakuna mwenye haja ya kukushawishi.

Halafu mji ukafumuka. Watu wakajijengea wenyewe Tabata, Kimara, Mbagala, Mbezi. Wenye nyumba wakawa wengi kuliko shangazi zetu. Mgeni kutoka Mwanza au Songea hakujua mtu. Hapo katikati akasimama dalali, neno lililotujia kutoka Kiarabu na ambalo Pwani lilikuwa pia la mtu wa mnada. Daftari la Renaudot likahamia kichwani mwa kijana anayekaa kwenye benchi chini ya mwembe.

Zikaja tovuti. Lamudi, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilifika mpaka kwetu, baadaye ikaitwa Jumia House, na Jumia wenyewe walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019. Benchi la chini ya mwembe bado lipo, ila sasa lina akaunti ya Instagram.

MAREKANI: NANI ANASHIKA DAFTARI?

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu kila kosa la kaka yangu limeshafanywa kule, na likarekebishwa, na ushahidi upo.

Kwa miaka mingi daftari la nyumba za kupanga Marekani lilikuwa gazeti. Matangazo madogo yalilipiwa kwa mstari, kwa hiyo mwenye nyumba alikata maneno mpaka yakabaki kama hirizi: herufi mbili za vyumba, herufi mbili za mashine ya kufulia, namba ya simu. Hakuficha kwa ujanja. Ukweli ulikuwa ghali. Kila neno lilikuwa na bei yake.

Mwaka 1995 kijana mmoja wa kompyuta huko San Francisco, Craig Newmark, alianza kuwatumia marafiki baruapepe za matukio ya mjini. Orodha ikakua, ikawa tovuti ya Craigslist, na tangazo la nyumba likawa bure. Ghafla mwenye nyumba angeweza kuandika kurasa nzima akitaka. Tovuti yenyewe ilikuwa mbaya kwa sura, maandishi ya bluu kwenye ukurasa mweupe, lakini wapangaji walimiminika. Funzo la kwanza kwa kaka yangu mwenye rangi nzuri: watu hawapangi rangi.

Lakini Craigslist haikuwa na ramani. Mtu alisoma tangazo huku, akafungua ramani kule. Februari 2005 Google wakatoa ramani zao mtandaoni, na miezi michache baadaye mtaalamu mmoja wa kompyuta, Paul Rademacher, ambaye naye alikuwa amechoka kutafuta nyumba, akachukua matangazo ya Craigslist akayachomeka juu ya ramani ya Google. Hakuwaomba ruhusa. Aliiita HousingMaps. Kila nyumba ikawa pini kwenye ramani. Google hawakumshitaki, Juni mwaka huo walifungua rasmi mlango ili watu wengine wafanye kama yeye, na baadaye wakamwajiri. Tangu daftari la Paris ilichukua zaidi ya miaka 370 mpaka matangazo ya Craigslist yakakaa juu ya ramani ya Google. Miaka 370!

Mchezo mwingine ulichezwa na Rent.com, iliyoanzishwa mwaka 1999. Hawa walisema: mwenye nyumba, usitulipe kwa tangazo wala kwa wageni wanaoangalia. Tulipe mtu akishapanga. Wazo zuri, ila tovuti itajuaje kwamba fulani amepanga? Mwenye nyumba ana sababu ya kunyamaza. Basi wakamgeukia mpangaji: ukipata nyumba kupitia kwetu, tuambie, tunakupa dola 100. Mpangaji akawa shahidi wao! Desemba 2004 eBay walitangaza kuinunua kwa takriban dola milioni 415.

Nimeipenda hadithi hii kwa sababu inageuza kidude cha kaka yangu juu chini. Yeye anahesabu wanaoingia. Wale walijenga kampuni nzima juu ya kuhesabu wanaohamia. Ukilipwa kwa macho, utatafuta macho, hata kwa kitanda cha kwenye theluji. Ukilipwa kwa mtu aliyehamia, utaanza kusema ukweli, kwa sababu uongo unamleta mtu mpaka mlangoni na hapohapo unamfukuza.

New York walilijua hilo kwa uchungu. Madalali wa kule walikuwa wakirudiarudia tangazo lilelile ili likae juu ya orodha, na nyingine zilikuwa chambo tu, nyumba nzuri ambayo "imechukuliwa asubuhi hii, ila ninayo nyingine". Mwaka 2006 Craigslist ikaanza kuwatoza madalali wa New York dola 10 kwa kila tangazo la nyumba. Dola 10 si kitu kwa mwenye nyumba ya kweli. Kwa mwenye matangazo hewa mia moja ni dola 1,000. Bei ndogo ikafanya kazi ya ufagio.

PICHA YA JIKO

Mwaka 2009 wale vijana wa Airbnb walikuwa karibu kufunga duka. Kwa maelezo ya waanzilishi wenyewe, walikuwa wanaingiza kama dola 200 kwa wiki. Siku moja wakakaa na kuangalia matangazo yao ya New York na wakaona yote yanafanana kwa jambo moja: picha ni mbovu, za simu, za gizani. Wakapanda ndege, wakakodi kamera, wakagonga milango na kuzipiga picha nyumba wenyewe. Mapato ya wiki yakafika dola 400. Ndiyo kwanza wakapata matumaini.

Ni kweli hao hupangisha kwa siku, si kwa mwaka. Lakini angalieni walichofanya. Hawakuzipamba nyumba, walionyesha zilivyo. Mtu anayehamia anataka kujua jiko lina dirisha? Kitanda changu kitaingia? Choo kikoje? Mwenye nyumba anapoweka picha ya geti peke yake, mtafutaji hafikirii kwamba ndani ni kuzuri. Anafikiria kuna jambo linafichwa. Sisi wote tumeshachomwa jua kufuata "nyumba nzuri mita 200 kutoka barabarani" ambayo ukifika ni bodaboda ya shilingi elfu moja na mtaro katikati.

ANAYEFUKUZWA KABLA HAJAFIKA

Kuna upande mwingine ambao sikuutarajia, na ndio ulioniuma zaidi. Matangazo hayakuwa yanavuta tu. Yalikuwa yanafukuza pia. Marekani, mwenye nyumba aliweza kuandika wazi kwamba anataka wazungu tu. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa, na tarehe 11 Aprili Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya haki katika makazi. Sheria hiyo haikukataza kubagua tu. Ilikataza pia kuchapisha tangazo linaloonyesha ubaguzi.

Mtandao ukafungua tundu jipya. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walinunua tangazo Facebook lililolenga watu wanaotafuta nyumba, wakachagua Wamarekani weusi wasilione. Likapitishwa! Hapa hapakuwa na neno baya limeandikwa popote. Mtu alikuwa hajui kwamba kuna nyumba. Serikali ikaifungulia Facebook mashtaka mwaka 2019, na mwaka 2022 kampuni ikakubaliana na Wizara ya Sheria kubadilisha mfumo wake wa kuchagua nani aone matangazo ya nyumba.

Tusiwacheke. Kwetu nimesoma mwenyewe matangazo ya "asiwe na watoto", "bachela hatakiwi", "awe mtu wa dini fulani". Kisha mwenye nyumba huyohuyo analalamika nyumba imekaa miezi mitano tupu. Dada yangu wa tumbo moja, mwenye watoto wawili na kazi nzuri, alihesabu nyumba 6 zilizomkataa kwa sababu hana mume wa kuonyesha. Sita! Kodi anayo mkononi.

NANI ALIPE DALALI?

La mwisho ni pesa. Dar tunajua hesabu: kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, juu yake mwezi mmoja wa dalali, na wengine wanachukua pesa ya kukupeleka tu kuangalia. Mtu anaona "laki tatu kwa mwezi", anapiga simu, anakuta anatakiwa kuwa na milioni mbili na laki moja siku ya kwanza. Anakata simu kwa aibu, kana kwamba umaskini ni wake peke yake.

Wenzetu wameanza kulitatua. Uingereza, tangu tarehe 1 Juni 2019, wakala wa nyumba haruhusiwi kumtoza mpangaji ada nyingi alizokuwa anatozwa zamani. New York, baraza la jiji lilipitisha sheria Novemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 11 Juni 2025: aliyemwajiri dalali ndiye amlipe, na ada yoyote anayotakiwa kulipa mpangaji lazima itajwe kwenye tangazo. Ni jambo ambalo hata bibi yangu angelisema bila kwenda bungeni: aliyekuita ngomani ndiye akupe pilau.

NILIVYOMJIBU KAKA

Nilirudi Kinondoni Jumamosi. Tukapiga picha kwa simu yangu saa nne asubuhi, mapazia wazi: jiko, choo, sebule tupu, hata ile kona yenye unyevu ambayo fundi anairekebisha. Tukaweka pini ya ramani na jina la kituo cha daladala. Tukaandika LUKU kila nyumba na yake, maji yana tangi, gari moja linaegeshwa ndani. Nyumba zenye watu tukaziondoa kwenye orodha, kwa sababu tangazo la nyumba iliyokwisha ni chambo hata kama hukukusudia. Watoto wanakaribishwa, hilo nililisisitiza, akacheka, akakubali.

Tulibishana kwenye bei. "Mdogo wangu, nikiweka bei majirani watajua, na atakayekuja hatanipandishia dau." Nikamwambia, kaka, hajaja mtu wa kukupandishia dau tangu Januari. Akanyamaza. Kisha akaandika mwenyewe: kodi kwa mwezi, miezi mitatu mbele, hakuna pesa ya dalali, jumla ya siku ya kwanza ni kiasi hiki. Chini akaweka namba yake.

Baada ya wiki tatu akanipigia, safari hii mchana. Wageni wa tovuti wamepungua, na simu zimepungua pia. Lakini waliopiga wamekuja, na waliokuja hawakushangaa mlangoni. Nyumba mbili zimepata watu. Mmoja ni mama mwenye watoto watatu, alilipa siku hiyohiyo, akasema alishajua kila kitu kabla hajapanda daladala.

Mbili bado tupu, na benki bado inangoja mwisho wa mwezi. Sikumdanganya kaka kwamba historia inalipa mikopo. Lakini tangu Renaudot afungue daftari lake, kila aliyefaulu kumgeuza mtazamaji kuwa mpangaji alifanya jambo moja tu: alimpa mapema kile ambacho mwenye daftari alitaka akifuate kwa miguu. Mahali, bei, picha, jumla ya pesa, na kama nyumba ipo kweli.

Wewe mwenye nyumba unayesoma hapa, tangazo lako linaficha nini? Na wewe dalali wa chini ya mwembe, usinikasirikie. Kujua mitaa ni kazi na ina thamani yake. Weka bei ya kazi yako wazi, uone kama hawatakuja.